Dawa Zetu na Njia za Bahari

Maneno yaliyosomwa na Kamati ya Afya ya Wanachama katika Mkutano wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Miaka kumi si kitu kikubwa katika umri wa mkarafuu, kwani mti wa miaka kumi ndio kwanza unazoea kuzaa. Lakini katika umri wa chama cha wakulima ni miaka mingi, na wengi waliotuonea mashaka siku ya kwanza leo wamekaa nasi katika jamvi moja.

Wenzetu watakaosema baada yetu watawaeleza habari za hesabu, za miche na za maghala. Sisi wa Kamati ya Afya tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana liko mbali na ushirika, nalo ni dawa: zatoka wapi, zatufikia kwa njia gani, na kwa nini siku nyingine mtu hufika kituo cha afya akamkuta tabibu yupo, mizani ipo, daftari lipo, na dawa haipo.

Sababu iliyotusukuma ni hii. Katika msimu mmoja wa uchumaji, kijana mmoja wa wachumaji wetu aliteleza mtini akaanguka, akavunjika mkono. Wenzake walimbeba hadi kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za maumivu zilikuwa zimekwisha siku tatu nyuma, na bendeji pia. Kituo hicho hatutakitaja, wala hatumlaumu tabibu wake, kwani alifanya alichoweza na akatoa fedha za mfukoni mwake kulipia gari la kumfikisha mgonjwa mjini. Tulipokwenda baadaye kumwuliza kulikoni, hakutupa udhuru. Alitufungulia daftari lake. Dawa alizoletewa zilihesabiwa kwa kufuata zilizotumika miezi iliyopita, na miezi hiyo kijiji kilikuwa na watu wake tu. Kisha karafuu zikaiva, wakaja wachumaji kutoka kila upande, wakapiga kambi mashambani. Walioumwa wakawa watu wa kijiji pamoja na wageni wao, na dawa zikabaki zile zile za watu wa kijiji.

Maneno ya tabibu yule yalitufanya tutake kuijua njia yote ya dawa, kutoka mwisho wake kijijini hadi mwanzo wake. Tulidhani safari ingeishia katika ofisi fulani mjini. Haikuishia hapo. Ilitufikisha pwani, na kutoka pwani ikaturudisha nyuma zaidi ya miaka mia.

Mwanachama akipita Malindi kuelekea Forodhani kwa barabara ya Mizingani, ataiona nyumba kubwa inayotazama bahari, yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Wazee huiita Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka ambao Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka hamsini ya kutawala, na aliyeijenga ni Tharia Topan, mfanyabiashara aliyetoka Kachchh katika India, ambaye kwa muda alikuwa pia msimamizi wa forodha ya Sultani. Nia yake ilikuwa nyumba hiyo iwe hospitali ya maskini. Alifariki mwaka 1891 kabla ya kuiona imekwisha, na ujenzi ukamalizika mwaka 1894. Karibu na mwaka 1900 ilinunuliwa na Haji Nasser Nurmohamed, naye akaiweka dispensari ya sadaka katika ghorofa ya chini. Baada ya miaka mingi ya kuchakaa, ilitengenezwa upya katika miaka ya 1990 na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan. Leo haitoi dawa tena.

Tumeitaja nyumba hii si kwa uzuri wake. Tumeitaja kwa sababu yaonyesha jinsi dawa zilivyoingia katika nchi yetu. Tharia Topan hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa karafuu na pembe za ndovu, na dawa zilikuja kwa vyombo vile vile vilivyokuja kuchukua karafuu na pembe. Dawa haikuwa na meli yake mwenyewe. Ilipanda katika meli ya biashara. Pasipokuwa na biashara, hapakuwa na dawa. Na tusijidanganye, wakulima wenzetu: utajiri uliojenga roshani zile ulitoka katika pembe zilizobebwa mabegani mwa watu, na katika karafuu zilizochumwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapa hadi mwaka 1897, miaka mitatu baada ya nyumba ile kwisha. Majina ya wachumaji wale hayamo katika jiwe la msingi.

Kabla ya meli za moshi kulikuwa na pepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi wa Desemba hivi, ilileta majahazi ya Kachchh, ya Maskati na ya Hadhramaut. Na kusi ilipoingia iliyarudisha kwao. Ndani ya majahazi hayo mlikuwa na tende, na vitambaa, na mazulia, na humo humo mlikuwa na mvuje, sanamaki, shubiri ya Sokotra, ubani wa Dhofari, na kafuri iliyopitia Bombay kutoka nchi za mbali za mashariki. Hata leo, mtu akiingia katika maduka ya dawa za asili pale Darajani, atavikuta vitu hivyo hivyo katika makopo na vifuko, na majina yake yamebaki kama hati za forodha. Sanamaki ni sana ya Makka. Haba soda ni chembe nyeusi kwa Kiarabu. Hata neno dawa lenyewe, na neno tabibu, yalivuka bahari.

Sasa twaomba mlitie moyoni jambo moja la siku zile, kwa kuwa tutalirudia. Mfanyabiashara wa Unguja aliyetaka mzigo ufike kwa kaskazi, ilimpasa aandike barua yake mapema, iondoke na jahazi la kusi. Aliyesahau hakuwa na la kufanya ila kungoja hadi upepo ugeuke tena. Kwa hiyo mwenye duka la dawa mwenye akili hakungoja watu waugue ndipo aagize. Alijua msimu wa homa, alijua msimu wa mvua, akaagiza miezi mingi nyuma. Elimu yake kubwa haikuwa dawa, ilikuwa kalenda.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Meli za kampuni ya British India zikaanza safari za kila mwezi kuja Unguja mwaka 1872. Waya wa simu ukafika mwaka 1879. Nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa imekwisha kukaa mjini tangu mwaka 1849. Basi zikaanza kuingia dawa za chupa na za vidonge kutoka Ulaya. Nchi ilipofanywa hifadhi ya Uingereza mwaka 1890, Serikali ya wakati ule ilikuwa ikiagiza vitu vyake, na dawa zikiwamo, kwa mawakala wa Taji waliokaa London. Karatasi ilitoka Unguja ikaenda London, na mzigo ukatoka London ukaja Unguja, hata kama kitu kile kilipatikana karibu zaidi. Mji ukahudumiwa kwanza, na mashamba baadaye.

Twataka kukaa kidogo juu ya kwinini, maana habari yake ni ndugu wa habari ya karafuu yetu. Karafuu haikuota hapa tangu mwanzo. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Wadachi waliilinda wasije wengine wakaipata. Wafaransa waliichukua kwa siri wakaipanda katika visiwa vya Mauritius na Réunion, na kutoka huko ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mti wa sinkona, ambao gome lake hutoa kwinini, ulipata msafara kama huo kwa upande wa pili. Ulitoka milima ya Amerika ya Kusini; Waingereza wakaupeleka India na Wadachi wakaupeleka Java. Wadachi wakafaulu mno, hata kufikia miaka ya 1930 zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za gome lote lililouzwa duniani zilitoka Java. Kwa hiyo mkulima wa Unguja aliyeshikwa na homa, akapewa kidonge cha kwinini, alikuwa akitibiwa kwa gome la kisiwa kimoja tu, kilicho upande wa pili wa bahari hii hii.

Mwezi wa Machi 1942 Wajapani waliiteka Java. Gome likakatika. Dunia nzima iliyokuwa ikipigana vita ikajikuta haina kwinini ya kutosha, si kwa sababu elimu ya kuitengeneza imepotea, ila kwa sababu mlango mmoja umefungwa. Jambo hili lilikuwa limekwisha kuonekana jirani yetu. Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo msinkona. Vita vya 1914 vilipozuka na manowari za Waingereza zikaziba pwani, walitengeneza kwinini kwa gome la Usambara. Waliokuwa na mti walikuwa na dawa.

Habari za homa hazikuishia kwa kwinini. Ilikuja klorokwini, ikasaidia kwa miaka mingi, kisha vijidudu vya malaria vikaizoea. Mwaka 2003 Zanzibar iliiacha ikachukua dawa za mseto zenye artemisinini, ambayo asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga. Mtaalamu wa Kichina, Tu Youyou, na wenzake waliipata katika mwanzo wa miaka ya 1970, naye akapewa Nishani ya Nobel mwaka 2015. Pamoja na vyandarua na kupiga dawa majumbani, malaria ilishuka katika visiwa hivi kiasi ambacho wazee wetu wasingekisadiki. Na mmea ule, mabwana na mabibi, umelimwa na wakulima kama sisi katika Tanzania bara na Kenya, na majani yake yakapelekwa kukamuliwa Athi River. Hata hivyo kidonge kilichomfikia mgonjwa kilitengenezwa ng'ambo. Tumeuza jani, tukanunua kidonge.

Wengine watasema hayo ni ya bara. Basi tuitazame karafuu. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli, kinachotuliza maumivu na kuua vijidudu. Matabibu wa meno huchanganya eujenoli na unga wa zinki wakaziba jino kwa muda, na harufu ile inayojaa chumbani ni harufu ya majamvi yetu. Shirika la Biashara la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1968, lina kiwanda Wawi, Pemba, kinachotoa mafuta kutoka makonyo, na hilo ni jambo la kulishukuru. Lakini sehemu kubwa ya karafuu zetu huondoka kavu ndani ya magunia, na mkulima anayeumwa jino hana njia ya kujua kama tone analotiwa lilitoka katika shamba lake.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ilitangaza matibabu bila malipo kwa wote, na vituo vikajengwa mashambani ambako zamani havikuwako. Hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja, iliyokuwa na jina la Karimjee Jivanjee, ukoo wa wafanyabiashara, ikaitwa V. I. Lenin, na baadaye ikarudishiwa jina la mahali pake. Tukitazama majina hayo matatu twaiona historia yetu yote: mfanyabiashara, kisha rafiki wa ng'ambo, kisha sisi wenyewe. Lakini fedha za kigeni zilizonunua dawa zilitoka wapi? Zilitoka katika karafuu. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, anayetia karafuu katika sigara, na Indonesia alipoanza kupanda karafuu za kumtosha mwenyewe, bei ikaanguka katika miaka ya 1980. Walioishi miaka hiyo hawahitaji kuelezwa. Bei ya gunia ilipopungua katika soko la nje, rafu za dawa katika vituo vyetu zilijua kabla ya magazeti.

Sasa dawa zetu zatoka wapi? Sehemu kubwa yatoka India. Wengine husikitika wakisikia hivyo, wakidhani India ni bei rahisi na hakuna zaidi. Hawatendi haki. Mwaka 1970 India ilitunga sheria mpya ya hataza, ikaanza kutumika mwaka 1972, na sheria hiyo ilikataa mtu kuhodhi dawa yenyewe. Ikaruhusu hodhi ya njia ya kuitengeneza tu. Viwanda vyake vikajifunza njia nyingine, vikatengeneza dawa zile zile kwa bei ndogo. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Bombay, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilitangaza kuuza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati ambapo bei ya wengine ilipita dola 10,000. Hapana mtu anayeweza kuhesabu roho zilizopona Afrika kwa tangazo lile. Na Gujarati, ambayo Kachchh ya Tharia Topan ni sehemu yake, leo ni miongoni mwa majimbo makubwa ya viwanda vya dawa katika India. Pwani iliyotuletea mvuje kwa jahazi yatuletea vidonge kwa kontena.

Njia ni ile ile, na udhaifu wake ni ule ule. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, India ilizuia kwa muda kuuza nje aina 26 za dawa na viungo vya dawa, na parasetamoli ikiwamo. Haikuwa kwa ubaya; ilihofia watu wake. Viwanda vya India vyenyewe hununua sehemu kubwa ya viungo kutoka China, na China wakati ule ilikuwa imefunga viwanda. Zuio lililegezwa mwezi uliofuata, lakini somo lilikuwa la Java mara ya pili: kidonge kidogo cha kichwa kinachouzwa katika kila duka la kijiji kinategemea milango miwili au mitatu iliyo mbali, na hakuna hata mmoja ambao ufunguo wake uko kwetu.

Na lipo jambo linalowahusu wakulima kuliko watu wa mjini. Chombo cha biashara huleta kilichopo, wala si lazima kilete kinachokufaa. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa sumu ya nyoka wenyewe. Ile ya India hutengenezwa kwa nyoka wa India, na huko yaokoa watu wengi. Kifutu wetu na swila wetu hawamo ndani yake. Hata hivyo imeuzwa katika nchi kadhaa za Afrika, kwa kuwa ni rahisi na njia yake iko wazi. Katika sehemu moja ya Ghana, dawa iliyofaa ilipobadilishwa ikaletwa ya India, vifo vya walioumwa na nyoka vilipanda kutoka watu wasiofika wawili katika mia hadi kumi na wawili katika mia. Wakati huo huo kampuni moja ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza dawa nzuri ya nyoka wa Afrika iliacha kuitengeneza mwaka 2014, kwa kuwa haikuona faida, na chupa za mwisho zikapitwa na wakati mwaka 2016. Wanaoumwa na nyoka ni nani? Ni mwenye jembe, na mwenye kukata nyasi, na mtoto anayeokota kuni. Mkulima ni mnunuzi dhaifu, na sokoni mnunuzi dhaifu haulizwi anataka nini.

Dawa zikivuka bahari kuu bado hazijafika. Meli kubwa haziwezi kufunga vizuri katika bandari yetu ya Malindi, kwa hiyo mizigo mingi huteremshwa Mombasa au Dar es Salaam ikapakiwa tena katika vyombo vidogo. Kila kupakia na kupakua ni siku, na ni nauli, na ni jua juu ya sanduku ambalo huenda limeandikwa liwekwe mahali pa baridi. Kisha hupokewa katika Bohari Kuu ya Dawa iliyoko Maruhubi, na kutoka hapo hugawiwa vituo vya Unguja, na nyingine huvuka tena bahari kwenda Pemba. Hata baridi ya majokofu yetu hupita chini ya bahari. Mnakumbuka kwamba tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima cha Unguja kilikaa gizani kwa kuharibika mtambo wa umeme unaotoka bara, na kila jokofu la chanjo likawa linalindwa kwa jenereta na mafuta ya kununua.

Hayo yote tumeyasema, na mwanachama ana haki ya kuuliza: sisi wakulima tutafanya nini juu ya Java, na juu ya India, na juu ya Malindi?

Katika Kamati yetu palikuwa na waliotaka Chama kifungue duka lake la dawa, na hoja zao hazikuwa dhaifu. Tulijadiliana kwa usiku mbili. Walioshinda ni wale waliosema kwamba duka la dawa si duka la mbolea; sheria yataka leseni na mtaalamu aliyesomea, na Wakala wa Chakula na Dawa yuko kazini kwa sababu nzuri, kwani dawa bandia na dawa zilizoharibika nazo husafiri kwa njia za biashara. Chama chenye umri wa miaka kumi kisijitwike mzigo huo kwa pupa. Tumeliweka jambo hilo kando, hatukulifukia.

Lakini tulipokuwa tukibishana juu ya duka, mzee mmoja wa Kamati, ambaye babake alikuwa nahodha, aliuliza swali lililotunyamazisha. Aliuliza: ni nani katika kisiwa hiki anayejua mapema kuliko wote kwamba msimu ujao utakuwa mkubwa? Jawabu ni sisi. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hujaa hata matawi yakainama, na miaka inayofuata hupumzika. Mkulima huona macho ya karafuu miezi kadhaa kabla ya kuchuma, na kwa kuyaona hujua atahitaji wachumaji wangapi, na watakaa kambi gani, na kwa muda gani. Makatibu wa matawi yetu huandika makisio hayo kila mwaka ili tuandae majamvi, magunia na fedha za kulipa kwa pishi. Tunayaandika, tunayatia katika jalada, na jalada halitoki nje ya ofisi zetu.

Na kule katika kituo cha afya tabibu anaagiza kwa kutazama nyuma, kwa sababu hana cha kutazama mbele. Sisi tunacho. Tofauti ya mtu aliyevunjika mkono akapata dawa na aliyevunjika asipate ilikuwa karatasi moja ambayo tayari tulikuwa nayo.

Kwa hiyo twaomba Mkutano ukubali azimio hili. Kila katibu wa tawi, akisha kuandika makisio ya mavuno na ya wachumaji, apeleke nakala kwa mkuu wa kituo cha afya cha sehemu yake, na nyingine kwa ofisi ya afya ya Wilaya, mara tu makisio yanapokuwa tayari, wala asingoje msimu. Na kila mwenye kambi awaambie wachumaji wake kwamba wakiugua waende kituoni waandikwe, hata kama maradhi ni madogo, wala wasinunue vidonge vya kuhesabiwa mkononi katika magenge. Mgonjwa asiyeandikwa katika daftari hana dawa katika mzigo ujao. Akinunua gengeni, amelipa fedha zake, na pia amemwambia mwagizaji kwamba hakuugua mtu.

Tumekwisha kuonana na baadhi ya matabibu juu ya jambo hili, na wamelipokea kwa furaha, wengine wakashangaa kwamba makisio hayo yapo. Hawakutuahidi kwamba dawa zitapatikana. Hiyo ni ahadi ambayo hakuna mtu katika njia hii ndefu anayeweza kuitoa peke yake. Walituahidi kwamba watayatia katika maagizo yao, na kwamba mapungufu yakitokea watatuambia mapema badala ya kutuacha tuyagundue na mgonjwa mabegani.

Bwana Mwenyekiti, karatasi za makisio zilizoandaliwa kwa namna mpya, zenye nafasi ya idadi ya wachumaji na mahali pa kambi, ziko mezani kwa Katibu Mkuu. Makatibu wa matawi ya Kaskazini twawaomba wazichukue leo kabla ya chakula, kwa kuwa huko macho ya karafuu yamekwisha kuonekana.